Kupe Asiye na Dawa

Siku ya arobaini na nne bila sigara, Nyanzobe alimrushia Mayunga chujio la asali. Likamkosa sikio kidogo tu, likagonga ukuta. Kosa la Mayunga lilikuwa kupiga mluzi. Haya, niambie, tangu lini mtu akapigwa kwa kupiga mluzi? Lakini mama wa watu alikuwa na arosto, na ukimwona mtu mwenye arosto, mpishe apite, usimuulize anakwenda wapi.

"Mama Kabula, umetaka kuniua!"

"Funga mdomo basi! Tangu asubuhi unalia kama birika."

Mayunga aliokota chujio, akalisuuza, akalirudisha juu ya ndoo huku akicheka. Hicho kicheko ndicho kilichomchoma Nyanzobe zaidi. Wawili hao waliacha sigara siku moja, katika chumba kimoja, mbele ya muuguzi mmoja. Wote walikuwa wapanga madaraja wa chama cha ushirika hapo Urambo, watu wa kulishika jani la tumbaku lililotoka kwenye bani, banda la kukaushia kwa moto, na kulitaja bila kufikiri: hili limao, hili chungwa, hili mahogani. Walipoacha kuvuta walikatazwa kugusa jani kwa siku sitini, maana utomvu wake hupenya viganjani, ndipo wakahamishiwa banda la asali. Na sasa mmoja anapiga mluzi, mwingine anatetemeka mpaka asali inamwagikia miguuni.

"Wewe husikii chochote?" Nyanzobe aliuliza. "Hata usiku? Hata ukishamaliza kula?"

"Wiki ya kwanza nilisikia kidogo. Sasa hivi wala sikumbuki. Mke wangu anasema nimenenepa." Akajipapasa tumbo. "Kupe anafanya kazi, mama. Mpe nafasi na wewe."

Kupe ndilo jina watu walilokipa kile kibandiko. Wenye mradi wa kuachisha watu sigara walikuwa na jina lao refu, lakini kitu chenye ukubwa wa kifungo cha koti, kinachong'ang'ania mkononi juu ya kiwiko wiki nzima, hata ukioga hakitoki, ungekiitaje? Kupe alikuwa na tumbo na jicho. Tumbo lilibeba nikotini iliyokamuliwa kutoka majani yaleyale ya Urambo, akawa anaipenyeza kwenye ngozi kidogo kidogo, na kila siku akipunguza. Jicho lilikuwa taa ndogo inayousaka moshi wa sigara ndani ya damu kupitia ngozi. Ukivuta hata pafu moja, taa ya kijani inageuka nyekundu, na habari inafika makao makuu kabla hujazima njiti.

Kabla ya kubandikwa kupe, kila mtu alipimwa mate. Nyanzobe alitema kwenye kichupa, na baada ya juma moja akaelezwa habari za ini lake. Nikotini ikiingia mwilini, kazi ya kuivunja ni ya ini, na ini hutumia kimeng'enya ambacho maagizo ya kukitengeneza yamo kwenye jeni, nakala moja ya baba na nyingine ya mama. Wako waliorithi nakala legevu. Nikotini inazubaa ndani yao nusu siku, na wakiacha sigara huumwa kichwa siku mbili tatu, basi. Na wako waliorithi nakala kali mbili. Hao ini linafagia upesi, na ikishafagiwa mwili unaanza kudai: jasho, hasira, matapishi, mawazo mabaya. Watu waliwaita "ini chapuchapu." Mayunga alikuwa ini chapuchapu. Nyanzobe vilevile. Ndiyo maana kupe wao walitakiwa kuwa na tumbo kubwa kuliko wa wengine.

Mayunga aliacha kwa sababu mke mpya hapendi moshi. Nyanzobe aliacha kwa sababu ya Kabula, bintiye wa pekee, mwenye miaka ishirini na mitatu, ambaye figo zote mbili zilikuwa zimelala. Mara tatu kwa wiki alikwenda kulala kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo ya mama ilimfaa. Ila hospitali ilisema wazi kwamba mvutaji hapasuliwi: siku sitini za kijani mfululizo, au jina la Kabula linafutwa kwenye orodha. Zilikuwa zimebaki kumi na sita.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, siku ya kubadilisha kupe. Mayunga, kwa haraka zake, alikuwa ameshambandua wa kwake na kumweka juu ya meza ili ampeleke kituoni. Nyanzobe alipopita na ndoo, kitu kikamkamata puani.

Alirudi nyuma hatua mbili. Akamwokota yule kupe, akamnusa. Wenye kiwanda wanasema haina harufu, waseme tu. Miaka thelathini pua ile ilikuwa imelala na kuamka na tumbaku. Ndani ya gundi ile aliisikia chungwa, tena chungwa iliyokauka vizuri, na mate yakamjaa mdomoni mpaka akaona aibu.

Kisha akambandua kupe wake mwenyewe, akamnusa. Gundi. Akamgeuza, akamnusa tena, akamkwaruza kwa kucha. Gundi na jasho lake, basi.

"Mama Kabula, unanusa nini?" Mayunga aliuliza, mluzi umemwishia.

Majani mawili ya mti mmoja yakitoka kwenye bani moja, moja limekauka na lingine bichi, mpanga madaraja halilaumu jani. Anauliza nani alikuwa anakoka moto.

*

Mtu aliyekoka moto aliitwa Chilongani, muuguzi wa kituo cha mradi, Mgogo wa Mpwapwa aliyekaa Urambo miaka ishirini. Mgogo na Mnyamwezi ni watani, na hawa wawili utani wao ulijulikana mji mzima. Mama yake Nyanzobe alipofariki, Chilongani alivaa kitenge cha marehemu na kutembea uani akichechemea kama yeye, akiwagombeza wafiwa kwa kupika wali mbichi, mpaka waliokuwa wanalia wakacheka na waliokuwa wanacheka wakalia. Mtu wa namna hiyo hata ndugu wa damu hamfikii.

"Mnyamwezi wangu!" alipaza sauti alipomwona mlangoni. "Umefuata mzigo wa kubeba? Leo hakuna mizigo, jaribu stesheni!"

Siku nyingine Nyanzobe angemuuliza mbuzi wake amemwachia nani. Leo alifunga mlango, akaweka kupe wawili mezani.

"Nusa."

"Ninuse kupe? Arosto imekupanda kichwani, wewe."

"Nusa, Chilongani."

Chilongani alimnusa wa kwanza. Wa pili hakumgusa. Alikaa chini, akavua miwani, akaifuta kwa koti lake jeupe, akaivaa tena.

"Nilikuambia," alisema mwishowe.

"Uliniambia nini?"

"Siku ya kwanza nilipokubandika. Nilisema, 'Wewe Mnyamwezi nakubandika gundi tupu, dawa nawawekea wenye akili.' Ukacheka. Ukanijibu gundi ya Wagogo hata nzi hainasi."

Nyanzobe alikumbuka. Chumba kizima kilicheka, na yeye ndiye aliyecheka zaidi. Mtani akikuambia nimekuwekea sumu kwenye chai, unafanya nini? Unakunywa na kuomba ya pili. Ukimnunia au ukidai ushahidi, umejiaibisha na ukoo wako.

"Ule ulikuwa utani," alisema.

"Ulikuwa ukweli. Nilikatazwa kusema, nikasema kwa njia niliyoweza."

"Ulisema kwa njia uliyojua sitasikia. Uko tofauti na mwizi kwa lipi? Mwizi angalau hanichekeshi."

Chilongani akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuinamisha kichwa. Mradi ulitaka kujua kama jeni peke yake inatosha kutabiri arosto ya mtu, na ili kujua hilo walihitaji watu kumi na wawili wa ini chapuchapu wapewe kupe mtupu bila wenyewe kujua. Kumi na mmoja walipatikana, mpishi wa shule akiwa mmoja wao. Wa kumi na mbili akakosekana.

"Fomu nilisomewa," Nyanzobe alimkatiza. "Anayetoa kiungo haingii kwenye majaribio ya namna hiyo. Masikio yangu yalisikia."

"Isipokuwa familia ikiridhia."

"Familia gani? Familia ni mimi na Kabula."

Chilongani aligeuza kioo cha kompyuta kikamtazama Nyanzobe. Palikuwa na maelezo mengi, na chini yake alama ya kidole gumba, na kando ya alama jina: Kabula.

Nyanzobe alilisoma jina lile mara mbili kana kwamba lilikuwa la mtu mwingine.

"Tarehe yake ya kupasuliwa ilikuwa mwakani," Chilongani alisema polepole. "Wakubwa walisema familia itakayotoa mtu wa ini chapuchapu itasogezwa mbele. Nilimweleza. Alikaa hapo ulipo, akalia, kisha akaweka kidole. Sikumlazimisha, haki ya Mungu."

"Toka kwenye haki ya Mungu. Huko hukujui."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Yeye siku arobaini na nne alikuwa akimtazama yule kupe na kumshukuru.

Chilongani alifungua kabati, akatoa kupe mpya. "Sikiliza. Huyu ni wa kweli, tumbo limejaa. Nakubandika sasa hivi, na jioni utalala kama mtoto. Siku kumi na sita zitapita bila wewe kujua. Nani atamwambia nani?"

Nyanzobe alimwangalia yule kupe. Wallahi aliyataka yaliyomo tumboni mwake kuliko alivyowahi kutaka chakula.

"Na kwenye kumbukumbu zenu nitaandikwaje?"

"Utabaki mtupu, kama mwanzo."

"Kwa hiyo itasomeka kwamba mtupu mmoja, ini chapuchapu, alitulia bila dawa."

"Ndiyo."

"Halafu wenye ini kama langu, huko mbele, wakija na matapishi yao, wataambiwa gundi inatosha. Nyanzobe wa Urambo aliweza, ninyi mnalia nini."

Jani moja la limao likichomekwa kwenye mtumba wa majani ya mahogani, mtumba wote unasema uongo, na miaka thelathini Nyanzobe hakuwahi kuchomeka.

"Na nikienda kuyasema haya leo?"

"Mradi unasimamishwa. Kumbukumbu zote za jicho zinafungiwa mpaka wakaguzi waje, na hospitali haina kingine cha kuthibitisha kwamba huvuti. Tarehe ya Kabula inapita. Inayofuata ni baada ya miezi minane."

"Ana miezi minane?"

Chilongani alianza kupanga vichupa vilivyokwisha kupangwa.

Basi hapo ndipo mama wa watu alipofikishwa. Akisema, anamzika mwanawe. Akipokea dawa, anakuwa mmoja wao. Alikunja mkono wa gauni mpaka begani.

"Nibandike mtupu."

"Nyanzobe, usijiue. Kumi na sita ni nyingi. Ukivuta pafu moja tu..."

"Nibandike, Bwana Muuguzi. Na unaponihudumia uniite Mama Kabula."

Chilongani aliduwaa. Tangu wajuane hawakuwahi kuitana kwa heshima. Heshima ni ya wageni. "Mtani wangu, nitukane basi," alisema. "Nitukane kama siku zote."

"Sina sababu ya kukutukana. Ahsante kwa huduma." Akateremsha mkono wa gauni, akatoka.

*

Njia ya kwenda nyumbani ilipita kwa Nyachenga. Nyachenga naye alikuwa ini chapuchapu, ndiye yule mpishi wa shule, aliyeambiwa aache sigara au aache jiko. Siku ya ishirini jicho lake liligeuka jekundu na jiko likampita. Juma hilohilo, kwenye foleni ya bomba, mbele ya ndoo na wenye ndoo, Nyanzobe alisema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna watu wameumbwa bila moyo, wewe wape hata dawa ya dhahabu.

Sasa Nyachenga alikuwa ameketi kibarazani akichambua mchicha. Alipomwona Nyanzobe akainamia mchicha wake.

"Nimekuja kusema neno," Nyanzobe alisema akiwa amesimama.

"Sema. Ulishazoea kusema."

"Hukukosa moyo. Ulikosa dawa. Kupe wako alikuwa gundi tupu, na wangu pia. Tuko kumi na wawili."

Nyachenga aliacha kuchambua. Nyanzobe akamweleza yote, la muuguzi, la fomu, hata la kidole gumba cha Kabula, ingawa hilo lilimtoka kwa shida. Angeweza kupita njia nyingine. Angeweza kunyamaza siku kumi na sita, akapata alichotaka, kisha akaja na maneno matamu. Lakini alikuwa ametoka kufanyiwa hivyohivyo saa moja iliyopita, na kidonda kilikuwa kibichi.

"Ukitoka hapa ukapiga kelele, una haki," alimalizia. "Jiko lako litarudi. Mwanangu atakosa tarehe. Nakuomba unipe siku kumi na sita, halafu tutakwenda pamoja, mimi nikiwa mbele. Ukikataa sitakuchukia. Nimekuja kukuuliza tu."

Nyachenga alirudi kwenye mchicha wake.

"Ulinisema bombani."

"Nilikusema."

"Mume wangu alisikia. Mpaka leo ananitania nalo, na si utani."

"Najua. Nilikosa, Nyachenga. Sina la kujitetea."

Nyachenga alichukua mchicha mwingine, akang'oa mzizi, akautupa. Kisha mwingine. "Wengine kumi je? Nao wanatapika hukohuko kwao, wanajiona hawana moyo."

"Nao najua." Siku kumi na sita za Kabula zilikuwa zinalipwa na watu kumi ambao hawakuulizwa.

"Nitanyamaza," Nyachenga alisema. "Si kwa ajili yako wewe. Ni kwa yule binti. Siku ya kumi na saba nisipokuona, nakwenda peke yangu, na jina lako nitalitaja la kwanza."

"Litaje."

*

Kabula alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, miguu imevimba juu ya mto, redio inazungumza peke yake. Mama alipoingia, akainua kichwa.

"Jicho linasemaje, mama?"

Siku zote hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza. Leo tu ndipo Nyanzobe alipoona kwamba kwa siku arobaini na nne mwanawe alimtazama mkono kwanza, uso baadaye. Alizima redio, akaketi kwenye kigoda.

"Jicho ni kijani. Tumbo ni gundi. Ulijua?"

Kabula alikuwa na uso usiojua kuficha, tangu mdogo. Akiiba sukari, uso ulitangulia kusema. Sasa mama akajiuliza aliuficha vipi muda wote huu, au ni yeye ambaye hakutaka kuutazama.

"Walisema nisikuambie," Kabula alinong'ona. "Walisema ukijua, kipimo kitaharibika, na nafasi itaondoka."

"Hao ni wao. Nakuuliza wewe."

"Niliogopa, mama. Kwenye mashine tulikuwa saba. Sasa tuko wanne. Nilijua ukisikia utakwenda kugombana nao."

"Nilipotapika, nani alinishika kichwa?"

Kabula alianza kulia.

"Nani, Kabula?"

"Mimi."

"Ukanipa maji ya ndimu. Ukaniambia, vumilia mama, dawa itaanza kufanya kazi." Nyanzobe aligusa kupe mkononi. "Ulisema hivyo kila siku. Nami nilijiona mjinga, nilijiona dhaifu, dawa imo mwilini na bado nautamani moshi kuliko uhai wa mwanangu. Nilijichukia, Kabula. Nilikuwa naamka najichukia."

"Nilitaka kuishi."

"Na mimi nilitaka uishi! Ningekukatalia mimi? Ungeniambia, mama, nafasi ipo, lakini utaumia bila dawa. Ningesema leta hiyo gundi, nijibandike mwenyewe. Ningeumia nikiwa najua naumia kwa ajili ya nani. Ungeniuliza tu, mwanangu. Ni neno moja."

Kabula alijikokota kwenye mkeka mpaka akafika miguuni pa mama yake, akayashika magoti. "Nisamehe, mama. Nisamehe."

Nyanzobe aliutazama mkono ule uliomshika, na alama ya sindano za mashine iliyokuwa imevimba juu ya kiganja. Alitaka kuushika. Alitaka pia kuusukuma. Mwishowe aliuondoa taratibu, akauweka juu ya mkeka, akasimama kwenda kuwasha jiko la mboga isiyo na chumvi.

"Figo utapata," alisema akiwa mlangoni. "Zimebaki siku kumi na sita na sitavuta. Hilo lingine usiniombe leo."